Boriti ya Sebuleni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia leo kwa unyenyekevu ambao hujauzoea kwangu, na sababu yake utaiona mbele. Hujambo? Wifi hajambo? Naambiwa mgongo wake umetulia, ila bado anabishana na ndoo za maji kana kwamba ana miaka ishirini. Mwambie nimesema ndoo hazina haraka. Sisi huku tu wazima sote. Goti la shemeji yako limepona, sasa kinachomsumbua ni mdomo, anautembeza nyumba nzima kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Watoto wanakula, wanakua, wanamaliza viatu. Kwa kweli hatuna la kulalamika, na hata tukilitafuta tutalipata kwa shida.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Nimekupigia mara tatu mwezi huu. Mara zote tatu nilikuwa nimejiandaa, nimekaa kitako, nimekunywa maji, na mara zote tatu ulipopokea nikaishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Mara ya mwisho ukaniuliza kama nimeajiriwa na watu wa hali ya hewa. Nilicheka, lakini nilipokata simu nilijiona mjinga mkubwa. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Karatasi haina sauti yako, na mimi mbele ya sauti yako huwa narudi kuwa mtoto wa darasa la pili aliyepoteza kifutio.

Wifi amenieleza habari za binti yako. Nimefurahi mno kusikia kwamba mtoto wetu naye ameingia kwenye kazi hii ya kununua nyumba chakavu, kuitengeneza na kuiuza. Anasema nyumba yenyewe ni ya vyumba viwili na sebule, iko nyuma ya shule, bati limetoboka lakini kuta zimenyooka. Anasema mtoto alikuja nyumbani na ufunguo mkononi, anacheka peke yake njia nzima, akakuomba wewe baba yake uwe fundi wake. Na wewe ukamwambia atafute mwingine. Ukamwambia mkono wako umekwisha, na kwamba hutaki siku moja boriti yako imwangukie mtu. Wifi anasema mtoto alikwenda kulia nyuma ya nyumba, na kwamba fundi mwingine anaanza kazi Jumatatu ya wiki ijayo. Tena akaniambia kwamba wewe siku hizi unakaa tu barazani, na watu wakija kukuuliza kazi unawaonyesha viganja vyako kana kwamba ni vya marehemu. Miezi saba sasa! Kaka, hilo la mkono wako ndilo lililonikalisha hapa mezani. Nitalifikia. Niache kwanza nijipashe moto kwa habari nyingine, maana ukinisukuma nitaruka ukurasa.

Habari kubwa ni kwamba ile nyumba ya kona, nyumba yetu ya tatu, ile uliyoiacha na boriti iliyopasuka, imeuzwa. Naam, imeuzwa! Mnunuzi ni muuguzi, mama mtu mzima, mfupi, anatembea haraka kama mtu aliyesikia kengele ya wodini. Ameshahamia, ameshapanda maua mlangoni, na juzi nilipopita alikuwa amekaa dirishani amenyoosha miguu. Nilisimama barabarani nikamwangalia mpaka akanipungia mkono. Wewe unaijua furaha hiyo. Unapita mtaani unaona pazia la mtu limening'inia kwenye dirisha ulilolihangaikia wewe, na mwenye pazia hana hata habari kwamba dirisha hilo liliwahi kugoma kufunga kwa wiki mbili.

Sasa kabla sijafika kwa huyo muuguzi, mpelekee binti yako maneno haya ya shangazi yake. Mengi ni yako, mimi nimeyalipia tu kwa aibu. Mwambie aanze juu ashuke chini. Bati kwanza, halafu mabomba na nyaya, halafu lipu, na rangi iwe ya mwisho kabisa. Unakumbuka nyumba yetu ya kwanza nilivyokimbilia rangi? Nilitaka nione uzuri upesi. Ulinitazama, ukaenda zako kunywa chai. Kesho yake fundi bomba akaja na patasi, akachimba mfereji kutoka chooni hadi jikoni katikati ya rangi yangu ya krimu, anapiga mluzi. Nilitamani kumrukia. Wewe ukarudi na kikombe chako ukasema rangi imependeza, hasa ile iliyo sakafuni.

Mwambie pia asiipambe nyumba kwa moyo wake, aipambe kwa moyo wa mtu asiyemjua. Vile vigae vyangu vya zambarau jikoni, jamani! Mimi nilivipenda mpaka nikawa naenda kuviangalia bila sababu. Wakaja watu watatu, siku tofauti, kila mmoja akasimama mlangoni akasema hilo jiko lina furaha, na hakurudi hata mmoja. Tulipovibandua tukaweka vyeupe, nyumba ikaondoka ndani ya siku kumi. Tangu hapo nikitaka zambarau nanunua kitenge.

Na asiifanye nyumba iwe bibi harusi katikati ya watu waliovaa nguo za shambani. Hapo utakumbuka bafu langu la kujilaza, lile nililotaka kulinunua kwa ajili ya nyumba ya pili, kwenye mtaa ambao maji yenyewe yanakuja siku mbili kwa wiki. Uliniuliza nani atalijaza. Nikanuna siku nzima. Leo nakwambia ulisema kweli, nikiwa nimechelewa miaka mitatu. Mtu anayenunua kwenye mtaa anataka nyumba nzuri ya mtaa ule, hataki kuwa kichekesho cha majirani.

La jiko na choo asilipuuze. Watu wanasifia sebule kwa adabu tu, lakini uamuzi wanaufanya chooni, wakivuta maji na kusikiliza yanavyojaa. Na ukuta ukiwa umevimba chini, asiufunike kwa rangi akadhani amemaliza. Atafute maji yanatoka wapi. Aende mvua ikinyesha, asimame ndani bila mwavuli, anyamaze, asikilize. Wewe ndiwe uliyenifundisha hilo. Siku ya kwanza nilidhani unasali.

La mwisho ninalompa, na alishike kuliko hayo yote, asikubali kuleta wageni kuiona nyumba kabla kazi haijaisha. Dalali atampigia simu kwa sauti ya sukari, atamwambia watu wako tayari, wanapita kesho tu, nafasi haitarudi. Amwambie hapana. Kama hawezi kusema hapana, azime simu. Hili mimi halijanitoka mwilini, na sasa nakuja nalo.

Baada ya wewe kuondoka, nilimtafuta fundi mwingine wa kuivunja ile boriti na kuimwaga upya. Ni mtu wa makamo, mnene, mpole, tunamwita Taratibu, na jina limemkaa sawasawa na shati lake. Alipomaliza kusimamisha mirunda na kumwaga zege jipya juu yake, nilifanya jambo ambalo shemeji yako mpaka leo analicheka. Nilifunga mlango wa sebule kwa kufuli, ufunguo nikampa huyo mume wangu, nikamwambia asinipe hata nikimwomba kwa machozi, mpaka zitimie siku ishirini na nane. Ulikuwa ukisema ishirini na moja, mimi nikaongeza saba kwa woga. Akaniuliza naogopa nini, mirunda ni miti tu, inakaa pale inashikilia zege mpaka lijitegemee, haimdhuru mtu. Nikamwambia siiogopi mirunda. Yeye akadhani ni mzaha wangu wa kawaida, akauning'iniza ufunguo shingoni kwa uzi wa kiatu, akawa anapita nao mbele yangu akiuchezesha. Mwanamume huyu! Lakini hakunipa, na nilimwomba kweli, mara moja, siku ya kumi na tano, eti nikapige deki.

Muuguzi alikuja siku ya mvua kubwa. Dalali alitaka kuahirisha, yeye akakataa, akasema nyumba kavu kila mtu anaijua. Hapo nikajua nimekutana na mtu wa aina yako. Alifungua mabomba yote kwa pamoja, akavuta maji ya choo mara tatu, akapanda kiti akatazama darini kwa tochi, akagonga milango kama anayepima kifua cha mgonjwa. Mimi namfuata nyuma, nafunga kila bomba alilofungua, ingawa nilijua hakuna baya. Tulipofika sebuleni, pale tulipoondoa ukuta wa katikati ili sebule na chumba cha kulia viwe kitu kimoja, alisimama chini ya boriti akainua shingo. Kaka, rangi ilikuwa moja, lipu ilikuwa safi, Taratibu si mtu wa mchezo. Lakini yule mama akaona kwamba kingo za boriti ni kali na mpya kuliko za kuta, akaniuliza kama ilirudiwa.

Ningeweza kusema ndiyo, ilirudiwa, ni imara, karibu jikoni. Huo ungekuwa ukweli, na angekubali. Sijui nini kilinishika. Labda ni ile mvua, na ule utulivu wake wa kungoja jibu bila kunisaidia. Nilijikuta namweleza kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, mtu ambaye nilikuwa nimemjua kwa saa moja tu. Akasikiliza. Nilipomaliza akaniuliza swali moja, kama fundi wa kwanza anajua. Nikasema bado. Akaniambia kwamba kazini kwao, mtu akimpa mgonjwa dawa isiyo yake, anasema siku hiyohiyo, hata kama atafukuzwa kazi, maana wakati yeye anaogopa, mgonjwa yuko kitandani anazidiwa. Halafu akasema nyumba ameipenda, akaomba kuona choo tena.

Basi niliyomweleza yeye ndiyo niliyokuficha wewe. Napiga moyo konde.

Ilikuwa siku ya tisa tangu umwage zege. Ulikuwa umesafiri siku mbili kufuata fremu za madirisha. Dalali akanipigia, bwana na bibi wanataka kuiona nyumba mchana huohuo, jioni wanaondoka, hawarudi tena huku. Nikaiangalia sebule. Mirunda kumi na moja imesimama katikati, mtu hawezi kuvuka bila kuinama na kuomba radhi. Nikasema moyoni, mume na mke gani watapenda sebule inayofanana na kichaka? Uliniambia kwa kinywa chako kwamba hakuna mkono wa mtu kuigusa ile miti mpaka siku ishirini na moja, na kwamba zege ni kama mjamzito, usilihesabie siku kwa kulitazama sura. Nikakumbuka vizuri. Nikapanda ngazi, nikaligonga kwa fundo la kidole, likalia kama jiwe. Nikajiambia nusu siku tu, itadhuru nini?

Nilimwita Profesa, fundi wetu wa rangi, anisaidie. Profesa alikataa. Alisema hiyo ni kazi yako na wewe hupendi mchezo. Nikamwambia umeniruhusu kwa simu. Usimlaumu, kaka, alidanganywa kama wewe. Tukapiga nyundo zile kabari zinazoikaza miti chini, tukaitoa mmoja mmoja, tukailaza nyuma ya nyumba. Nikafagia. Nikapuliza vumbi dirishani. Sebule ikawa pana, inang'aa, nikajisifu peke yangu. Hao bwana na bibi wakaja, wakazunguka, bibi akasifia mwanga, bwana akauliza maegesho ya gari, wakaaga. Hawajapiga simu mpaka leo. Kabla jua halijazama tulikuwa tumeirudisha miti yote mahali pake, na nilikuwa nimejipigia makofi kwa ujanja wangu. Tulipokuwa tunakaza kabari ya mwisho nilisikia mlio mdogo juu. Nikamwambia Profesa ni bati linapoa.

Halikuwa bati.

Siku ya ishirini na moja uliiondoa mirunda wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kwa mpangilio wako, ukianzia katikati kwenda pembeni kama unavyofanya siku zote. Ukaona ule ufa. Ukavuta uzi kutoka mwisho hadi mwisho, ukaona boriti imelegea katikati. Ulikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukatazama juu muda mrefu sana. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe chako cha chai. Ukaniuliza kama kuna mtu yeyote aliyegusa ile miti ulipokuwa safarini. Nikasema hakuna.

Ukaniamini palepale. Hukunitazama hata mara ya pili. Laiti ungenitazama! Ukaanza kujichunguza mwenyewe mbele yangu. Ukasema labda mchanga ulikuwa na udongo. Labda maji yalizidi. Labda nondo uliziweka juu mno, maana siku hizi macho yako jioni hayaoni vizuri. Kila kosa ulilolitaja ulijibebesha, na mimi nimeshika kikombe, chai inapoa, mdomo wangu mzito kama mfuko wa saruji. Kila ulipotaja jingine nilisema moyoni, akimaliza hili namwambia. Ukamaliza yote. Ukasema miaka thelathini na moja inatosha, mkono umekwisha. Ukaosha mwiko, ukaosha pima maji, ukafuta timazi kwa kitambaa, ukaviweka kwenye mfuko, ukaniomba radhi. Wewe ukaniomba radhi mimi! Nami nikakujibu kwamba usijali.

Nimeandika sentensi hiyo na imebidi nisimame nizunguke meza. Nimerudi.

Unajua ni kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana. Si kwamba nilikuogopa ungenipiga, hujanipiga tangu nizaliwe, hata siku ile niliyomwaga chokaa kwenye viatu vyako vya harusi. Niliogopa usiniamini tena kwenye kazi. Baba alipotutoka wewe ndiye uliyenichukua, ukanifundisha kushika timazi wakati wenzangu wanafundishwa kusuka, na watu wakakucheka, ukawaambia mtoto huyu ana jicho. Niliona haya kwamba mwenye jicho ndiye aliyefanya upumbavu ambao hata mbeba maji hawezi kuufanya. Basi nikakuacha ubebe wewe. Nilidhani utakasirika wiki mbili, utarudi. Hukurudi. Kila mwezi uliopita ukalifanya neno lenyewe liwe gumu kutoka, nami nikaendelea kuuliza habari za mvua.

Kuna jingine, na hili ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu lingekuponya siku ileile nami nikalikalia. Taratibu alipokuja kuivunja boriti yako, alipanga nusu siku. Ilimchukua siku mbili na nusu. Nyundo kubwa ilivunjika mpini, akaazima nyingine, nayo ikavunjika. Alipofika kwenye nondo akaniita nije kuona. Akapima kwa futi, akapima tena, akasema kila moja imekaa mahali pake, hakuna iliyopanda wala iliyoshuka. Akachukua kipande cha zege akakikwaruza kwa msumari, msumari ukateleza. Akasema zege hili halikuwa na kosa, kosa ni jambo lililofanyiwa, mtu aliliondolea miti likiwa bado bichi. Alijua, kaka, alijua kwa kulitazama tu, na akaniangalia mimi kidogo, akaendelea na kazi. Halafu, kesho yake, akaniuliza fundi aliyelichanganya yuko wapi, maana angependa wafanye kazi pamoja, mafundi wa namna hiyo wamekuwa haba. Nikamwambia amestaafu.

Basi ndiyo hiyo. Nimesema. Kifua chepesi, sijakuwa na kifua chepesi hivi tangu mwaka jana. Sikuombi unisamehe leo. Kasirika vya kutosha, una haki, na wifi nimemwomba asikuzuie. Shemeji yako nimemwambia leo asubuhi. Kwanza alicheka akidhani ni mzaha, halafu akaacha kucheka, halafu akatoa ule ufunguo wa kufuli ya sebule mfukoni, akauweka mezani, akatoka nje. Alirudi na karatasi hizi na bahasha. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na ushauri. Profesa naye nimemweleza, amenuna, hataki kuongea nami. Anataka kuja kukuomba radhi mwenyewe kwa kuwa ndiye aliyeshika nyundo. Nimemwambia radhi yote ni yangu, na akaniambia nisimchagulie.

Ninalokuomba ni moja, na hili haliwezi kungoja hasira yako iishe. Fundi wa binti yako anaanza Jumatatu. Mimi simjui, huenda ni mzuri. Lakini yule mtoto hakukuomba wewe kwa sababu ya kukosa fundi. Alitaka nyumba yake ya kwanza ijengwe na mtu yuleyule aliyemfundisha kuhesabu kwa kumpa matofali badala ya vijiti. Ulimwambia mkono wako umekwisha, naye amekuamini kama ulivyoniamini mimi. Sasa mnaishi watu wawili ndani ya uongo wangu, na mmoja wao ana miaka ishirini na minne tu. Mpelekee barua hii aisome, usimfiche hata mstari. Kama atanichukia, anichukie, nitavumilia, ila ajue kuta zake anaye wa kuzisimamisha.

Mkinihitaji nitakuja kubeba ndoo. Nitasimama nyuma ya kamba utakayoichora chini, na mirunda sitaisogelea hata ikianguka yenyewe.

Nisalimie wifi, mwambie mafuta ya mgongo nimempelekea pamoja na barua hii, ajipake asiyaweke kabatini kwa wageni. Nisalimie majirani wote waliokuwa wakikuletea kazi, na waambie wasichoke kuja. Msalimie binti yako kwa namna utakayoona inafaa. Watoto huku wanakuamkia, na mdogo wao anauliza lini utakuja umtengenezee tena gari la mbao, maana lile la kwanza amelikalia likavunjika, na yeye alikuja kusema siku hiyohiyo.

Usinijibu kwanza, kaka. Ukimaliza kusoma, kunja karatasi, chukua mwiko, nenda nyuma ya shule.

Ni mimi mdogo wako,
niliyeing'oa miti.